Salamu za Mnara wa Mkwiro

Jumatatu, 8 Septemba
Bwana Kenga ametangaza: Ijumaa atachagua kiongozi wa mafundi wa intaneti hapa Msambweni. Ni mimi au Twaiba. Atakayeongeza kasi ya laini ya Mkwiro, kule kisiwani, ndiye. Kiti ni changu! Nimechungulia mtambo, nikakuta ubadhirifu. Mnara wetu na mnara wa Mkwiro huamkiana kila sekunde kumi. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, kutwa kucha! Nani kaupanga hivyo? Twaiba, nani mwingine. Njia imejaa salamu, data itapita wapi?

Hata mimi nina mzigo huo. Kila asubuhi lazima nimpigie Bibi, Kikoneni. Nimwamkie, niulize habari za mbuzi, muhogo, goti la kulia, kisha la kushoto. Dakika ishirini! Nimekata shauri. Mnara utasalimu mara moja kwa saa, mimi mara moja kwa wiki.

Jumanne, 9 Septemba
Nimebadilisha saa tatu asubuhi. Haikupita hata dakika, Mkwiro nzima imehamia njia ya akiba ya Shimoni, nyembamba, kila kitu kinatambaa. Simu kumi na moja za matusi. Twaiba amenieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba mnara wa Mkwiro ukikosa salamu kwa sekunde arobaini hutuhesabu tumekufa. Tena salamu yenyewe ni kipakiti kidogo mno cha data, haipunguzi kasi hata chembe. Eti nirudishe. Nirudishe, anicheke?

Jumatano, 10 Septemba
Dawa imepatikana! Nimeuamuru mnara wa Mkwiro usubiri siku tatu kabla ya kutuhesabu wafu. Laini imerudi. Bwana Kenga amesema hongera, Chirau. Kasi ni ileile, lakini hajapima. Bibi amepiga simu mara nne. Sikupokea. Si zamu yake.

Alhamisi, 11 Septemba
Kima! Ametafuna waya, mnara wetu umezima. Mkwiro ingehamia Shimoni mara moja, lakini wapi! Mnara wao umeambiwa ungoje siku tatu, basi unangoja, unatumiminia data sisi maiti. Saa tatu nzima kisiwani hakuna hata ujumbe mmoja uliopita. Twaiba amerudisha sekunde zake kwa kupitia Shimoni, akiwa amekaa kitini, chai mkononi. Dakika mbili. Namchukia.

Ijumaa, 12 Septemba
Bwana Kenga alikuwa anafungua kinywa kutaja jina. Mlango ukafunguliwa. Bibi! Na shangazi zangu wawili, na jirani yake Mbarak amebeba sanda. Bibi akauliza maiti ya Chirau iko wapi. Kwake siku tatu bila salamu ni msiba, na watu wa Kikoneni walishaanza kukusanyika.

Nikasema shikamoo. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, kisha akanichapa kwa mwavuli. Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa kama dakika moja. Twaiba akamwamkia, akampa kiti, akamuuliza hali ya magoti yote mawili. Bibi akamwambia Bwana Kenga kwamba binti huyu ana adabu. Bwana Kenga akasema ndiyo, na ndiye kiongozi. Hujuma tupu!

Bibi harudi Kikoneni mpaka aridhike kwamba ni mzima. Kitanda changu amekitwaa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimetatua jambo la Bibi moja kwa moja. Simu yangu nimeipangia imtumie ujumbe kila siku saa moja asubuhi: shikamoo Bibi, mimi mzima. Mwaka mzima, bila mimi kugusa kitu! Hata nikifa hatajua.

Leo umefika barabara. Bibi akausoma taratibu, miwani puani. Akanitazama nimekaa mbele yake na mandazi yangu. Akauliza ni nani huyo anayemwamkia, maana mjukuu wake hajafungua kinywa tangu alfajiri.

Kosa dogo la saa tu. Kesho nauweka saa kumi na mbili unusu, kabla sijaamka.