Hapa Hatuna Christella

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeshinda! Kikao cha familia kimekubali. Jumamosi, kule Kinyinya, mimi Arthur ndiye nitakayesimama kumwombea Ngabo mchumba. Si Évode. Mimi!

Naandika haya kwa Kiswahili nilicholelewa nacho Ngara, kwa sababu mke wangu Winifred alikulia Kampala na Kiswahili kinamtoa jasho. Humu niko salama.

Évode ni shemeji yetu, mtu wa Bujumbura. Miaka kumi na miwili sasa hakuna aliyeoa katika ukoo huu bila yeye kuwa msemaji. Kichwa cha mtu yule ni cha kuogopesha. Hutaja mababu saba, mfululizo, bila kukohoa. Nilipomsikia mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo. Ilibidi nitumie akili kumwondoa. Nikakieleza kikao kwamba shemeji amechoka, sauti imeanza kukwaruza, tumpumzishe kwa heshima zote. Évode mwenyewe akasema sawa. Akaomba tu niandike majina kwenye karatasi. Karatasi! Nikamwambia hiyo ni ya wenye vichwa vinavyovuja.

Lakini kuna jambo siwezi kulifanyia mzaha. Ngabo ni mtoto wa marehemu kaka yangu Shyaka, ambaye hakuwahi kumwona mwanawe akiota ndevu. Baada ya kikao kijana alinifuata mlangoni, akasema anataka kitu kimoja tu: jina la baba yake litamkwe vizuri mbele ya watu. Nimemwahidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mbinu! Mwalimu mmoja kwenye video ya simu anasema kila unachotaka kukumbuka kiweke mahali unapopajua. Basi nimeuhamishia ukoo wote soko la Kimironko. Babu wa babu yuko kwa wauza viazi. Babu yuko kwa mafundi cherehani. Ng'ombe wanane wa mahari wamepangwa mbele ya vitenge. Kaka Shyaka nimemweka kwa mama Daphrose anayeuza maparachichi, maana alikuwa anayapenda mno. Nafumba macho, natembea sokoni, naokota jina moja moja. Hakuna linalokosekana! Miaka hamsini na mitatu nimeishi na ubongo huu bila kujua nimebeba nini.

Kasoro ndogo. Nilishuka kwenye pikipiki nikiwa bado katikati ya viazi, nikaingia ofisini, nikaketi, nikatafsiri cheti cha ndoa cha mteja mpaka mhuri wa mwisho. Dereva alikuwa ananipungia mikono dirishani. Nami nikampungia. Mtu mwema, nikawaza, anasalimia watu asiowajua. Mteja ndiye aliyeniuliza kwa upole kama kofia ya pikipiki naivaa kwa maagizo ya daktari. Nikamjibu ndiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Winifred alinituma Kimironko kweli, kwa miguu yangu, nikanunue maparachichi. Nikafika mbele ya mama Daphrose, na mdomo ukajiendea wenyewe. Nikainamisha kichwa, nikatamka jina la kaka yangu, la baba yetu, la babu, taratibu, kwa heshima, kama itakavyokuwa Jumamosi.

Mama Daphrose akafuta mikono kwenye kitenge chake. Akanikumbatia. Akawaita wenzake, akawaambia mzee huyu kafiwa na watu wengi kwa mpigo. Wakaja wauza nyanya. Wakaja wauza ndizi. Mmoja akaleta stuli nikae. Ningesemaje? Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba amekosea, wala kwamba simkumbuki. Ni aibu. Nikakaa, nikapokea pole dakika ishirini, na machozi ya kweli yakanitoka, maana Shyaka alikufa kweli na sikuwahi kupewa pole na soko zima. Wema wa watu hawa umenishangaza mpaka sasa.

Nilirudi nyumbani bila parachichi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Familia ilipanga kwenda kwa msafara. Nikakataa. Kwenye gari wangenipigisha soga na majina yangemwagika. Nikazima simu, nikafunga umwitero wangu begani, shuka nyeupe imepigwa pasi mara mbili, nikapanda pikipiki peke yangu. Kinyinya ikanipokea kwa mahema meupe. Nikashuka.

Mlangoni akina mama wawili wakanidaka mkono. Mzee, tumekungoja, wakasema, wenye binti wameshakaa. Nikasukumwa mpaka kiti cha mbele. Nyuma yangu ndugu zetu, zaidi ya thelathini. Sikumtambua hata mmoja! Nikajua ni wale wa upande wa mama yake Ngabo, waliokuja kutoka Uganda. Nikawasalimia wote kwa uchangamfu, nikamuuliza mmoja habari za goti lake. Bwana harusi, kama ilivyo desturi, huwa anafichwa nje mpaka ombi likubaliwe. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

Nikasimama. Nikaomba tupewe Christella, binti wa nyumba hii, kwa ajili ya Ngabo wetu.

Msemaji wa upande wa binti alikuwa bwana mmoja mrefu, Mutsinzi. Akasema, "Mzee, hapa hatuna Christella. Binti yetu ni Gwiza. Nafikiri umepotea."

Fundi! Wote tunajua desturi ilivyo. Mwenye binti lazima aweke vikwazo. Atasema binti amekwenda masomoni, amekuwa mtawa, hawamjui. Lakini sijawahi kuona aliyekana kwa uso mkavu namna ile. Nikamjibu kwamba kama nimepotea, nimepotea na ng'ombe wanane, na hao hawarudi bila Christella. Hema zima likacheka. Akarudia kwamba hakuna Christella. Nikasema basi mmemficha vizuri, hongereni. Wakapiga makofi. Akarudia mara ya tatu, sasa jasho likimtoka, na nikawaza Évode mwenyewe hajawahi kukutana na mpinzani wa kiwango hiki.

Nikaingia sokoni. Viazi, vitenge, cherehani. Majina yakatoka yote! Mzee mmoja nyuma yangu akanivuta shuka, akaninong'oneza kwamba babu huyo si wao. Nikampapasa bega. Uzee una mambo yake, huyu naye ameshaanza kusahau. Kisha nikafika kwa maparachichi. Nikasema kijana huyu ni wa Shyaka, ambaye hayupo, ambaye angetoa mkono wake ili aione siku hii. Akina mama wakajifuta macho. Hata Mutsinzi akameza mate. Baba wa binti akasimama, akasema kwa maneno hayo yeye hana tena nguvu ya kukataa, binti amepewa.

Vigelegele! Akaingia bwana harusi. Kijana mnene, mpole, sijawahi kumwona maishani mwangu. Nyuma yake msemaji wao wa kukodi, bwana mmoja Twizeyimana, anahema, gari lilimharibikia njiani. Na nyuma ya Twizeyimana, mikono kiunoni, Winifred.

Mutsinzi akasema, "Nilikwambia, mzee. Mara tatu nilikwambia."

Harusi yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Winifred alinivusha kwa kunishika kiwiko. Huko nikamkuta Évode amesimama. Alishasema yote, Christella alishatolewa. Ila alipofika kwa baba wa Ngabo alisimamisha maneno, akawaambia watu kwamba jina hilo si lake kulitamka, ndugu wa marehemu yuko njiani, tumsubiri. Wakasubiri. Watu mia mbili, kwenye joto la hema, dakika thelathini na tano. Na mimi nilimwita mtu huyu mchovu mwenye sauti ya kukwaruza! Niliona haya mpaka kwenye nyayo.

Akaniachia nafasi. Ngabo alinitazama usoni. Nikafumba macho, nikaenda moja kwa moja kwa mama Daphrose.

Meza ilikuwa tupu. Nilishaliokota jina kule ng'ambo. Nikatafuta chini ya meza. Nikatafuta kwa wauza nyanya. Kaka yangu! Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja, na jina lake halipo! Nikafungua mdomo, ukabaki wazi. Nilimwona Ngabo akiinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikujiona mwerevu hata kidogo.

Ndipo sauti ikatoka kwenye ua. Yule mzee wa babu-si-wetu. Nusu ya hema lile lingine lilikuwa limevuka barabara kunifuata kuona mwisho wangu, wamejipanga uani na nguo zao za sherehe.

"Shyaka," akasema mzee. "Baba wa kijana ni Shyaka."

Na wale wengine wakaitikia, watu nisiowajua, wakalitaja pamoja. Shyaka. Ngabo akalia. Mimi nikalia. Évode akanipa leso yake. Sijui niliandikeje jambo hili. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona kitu kikubwa kama hicho.

Jumapili, 10 Agosti

Ngabo alikuja baada ya misa, akanishika mikono. Akasema, "Baba mdogo, watu wa harusi mbili wanamjua baba sasa." Akaenda zake. Nimekaa barazani mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mbinu haina kosa. Ni kali mno, inashika mpaka vichwa vya wasikilizaji! Kosa ni la mahema kufanana.

Mchana simu imelia. Bwana mmoja, sauti nzito, amenisifu sana, kasema ananijua vizuri na nisingeweza kumsahau. Anaomba nikawasemee Jumamosi ya tarehe 23, saa nne asubuhi. Nikacheka naye, nikamuuliza kama watoto hawajambo, nikakubali papo hapo. Sikumuuliza jina lake wala ni wapi. Angenionaje? Watu wake nitawatambua nikifika.