Jiwe la Ijumaa na Mjane wa Mkate

Jumatatu, 9 Aprili
Redio imetangaza: Ijumaa asteroidi, jiwe kubwa la angani, litapita karibu na Dunia. Halitaanguka, wataalamu wamepiga hesabu. Hongera zao. Mimi Mongi, kinyozi wa mji huu wa Tozeur, hesabu sikusoma, nimesomea wajane. Zoubeida muuza mkate amenikataa mara tatu. Safari hii atakuja mwenyewe. Mwenye hofu hutafuta kifua cha kuegemea. Kifua ninacho. Chembamba, lakini kipo.

Jumanne, 10 Aprili
Nimenyoa vichwa kumi na kimoja, na kila sikio nimelinong'oneza: jiwe linashuka hapahapa Tozeur, wakubwa wanaficha. Adhuhuri habari ilifika sokoni. Alasiri ikanirudia dukani, na mawe yamekuwa mawili! Nikaingiwa na hofu mwenyewe.
Nikapita kwa Zoubeida, yuko tanurini, macho mekundu. Nikamsihi Ijumaa asikae peke yake. Akasema kweli, nimemfumbua macho. Ushindi!

Jumatano, 11 Aprili
Balaa. Kumbe watu wakiogopa hutubu! Naceur, fundi wa pampu za maji, shingo kama ya ngamia, alimposa Zoubeida zamani, kabla hajaolewa na marehemu mumewe, akaingia mitini siku ya mahari. Leo kaenda kuomba radhi. Mbele ya foleni ya mkate! Mteja wangu alikuwapo. Eti Naceur kalia: "Zoubeida, nisife na deni la moyo wako." Naye: "Miaka yote hii nangoja ufe ndiyo nikusamehe, mjinga we. Njoo ushike huu unga." Foleni nzima vigelegele. Wamenunua mkate maradufu.

Alhamisi, 12 Aprili
Nimezunguka mji kukanusha. Jiwe halianguki, jamani! Wapi. Wananiambia nimeshanunuliwa na wakubwa. Mimi!
Nikamwendea Zoubeida, nikakiri yote. Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazamia kuku mgonjwa.
"Najua, kaka Mongi. Redio ninayo. Ya Naceur ndiyo mbovu. Sasa wewe funga mdomo mpaka nikaha yetu ya kesho ipite."
Kaka!

Ijumaa, 13 Aprili
Nikaha baada ya Alasiri. Bwana harusi nimemnyoa mimi. Shahidi, mimi. Wembe mkononi, shingo ndefu vile, na sikumkwaruza hata kidogo. Mwenyezi Mungu ameona.
Baada ya Isha sote tukapanda darini. Jiwe lenyewe? Kinukta cha mwanga, kikajikokota juu ya mitende, kikaenda zake. Watu wakapiga makofi kana kwamba wao ndio waliolisukuma. Naceur akaniuliza mbona halikuanguka. Nikamwambia limeshakuangukia, bwana, nenda kalale nalo.

Jumamosi, 14 Aprili
Nimeamka mnyonge. Nikaapa sitatisha mtu tena maishani.
Saa nne akaja mteja kunyolewa ndevu. Akadokeza kwamba Mahbouba mshonaji, mjane mwenye nyumba ya ua na miti miwili ya tini, anaogopa nyoka kupita kiasi.
Nimefunga duka mapema. Kuna jamaa mji wa jirani, Nefta, anafuga nyoka.