Osha Mara Moja

Jumatano, tarehe 4 Juni
Mimi ni kinyozi nisiye na mfano. Mji mzima unajua, isipokuwa wateja. Shemeji anaoa Jumamosi, na kidevu nilichomnyoa juzi kimetoa vipele kama ganda la nanasi. Profesa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara (profesa wa nini? Darasa la sita tulifeli pamoja!), kamwita mchana kweupe: njoo bwana harusi, nikuokoe! Mke wangu kanipasulia: kaka yake akienda kwa Profesa, na mimi nihamie huko huko.

Alhamisi, tarehe 5
Nimempigia simu mama mkwe. Anajua majani kuliko mbuzi. Kasema: ute wa mshubiri, mwarobaini uliotwangwa laini, manjano kidogo. Mpake mwanangu, ikikauka, osha mara moja. Nimeandika yote daftarini. Manjano kidogo? Mama mzima, mkono wa birika! Nimemwaga pakiti nzima.

Ijumaa, tarehe 6
Nimempaka mchana, mlango wazi, Profesa aone. Shemeji kauliza anaosha lini. Nikamwambia kesho asubuhi, tena mara moja tu. Akiosha mara mbili, dawa inakimbia. Kaniita daktari. Nilikataa kwa unyenyekevu, baada ya kumwacha arudie.

Jumamosi, tarehe 7
Balaa! Vipele vimelala, lakini shemeji ni wa njano, masikio hadi koo! Kasugua kwa sabuni ya kufulia. Wapi! Mama mkwe akanijia juu. Nikamwonyesha daftari: osha mara moja. Akashika kichwa. Mara moja ni pale pale, we mkwe, si hesabu! Nikamjibu, basi si ungesema pale pale? Mke wangu akaanza kukunja nguo zangu.

Shemeji kakaa kitandani, suti nyeupe, machozi yanamlenga. Hapo moyo uliniuma kweli. Nikachota dawa iliyobaki, nikajipaka uso mzima, nikawapaka na wapambe wake watatu. Tukaingia ukumbini watano, wote njano! Bibi harusi alimtazama mumewe, akatutazama sisi, akacheka mpaka shela ikamdondoka. Kisha akamshika kidevu. Eti laini!

Mke wangu amezikunjua nguo.

Jumatatu, tarehe 9
Profesa kapita kuniuliza hali ya papai bivu. Wivu huo. Kosa lenyewe lilikuwa la mama mkwe, mimi nilifuata maandishi.

Sasa nina jambo kubwa zaidi. Nyuma ya saluni kuna mmea unatambaa ukutani, wenye manyoya manyoya. Mama mfagiaji kanionya nisiuguse, eti unawasha. Unawasha! Masikini, katoa siri bila kujua. Kesho nauchuma kwa mikono yangu miwili, na wa kwanza ni baba mwenye nyumba. Upara wake umefifia siku nyingi. Nitausugua mpaka uwake kama taa.