Utepe Mwekundu Kuzunguka Okidi

Jumapili, 8 Juni
Kiangazi ndiyo kwanza kimeingia. Matembezi ya Chama cha Maua ya Porini, saa tatu nzima tukitambaa kwa magoti. Aina kumi na saba, zote za kawaida. Mwaka wa kumi na moja huu niko chamani, na Kitabu cha Chama hakina mstari wangu hata mmoja. Shemeji, mfamasia, mume wa dada yangu, anayo minne. Kanuni ni moja: anayemwonyesha Mwenyekiti okidi adimu ikiwa imechanua ndiye anayeandikwa. Shemeji akaniuliza mbele ya watu, eti fundi, unatafuta maua au nyufa? Maana fundi vigae akiinama lazima kuna kitu kimepasuka. Wakacheka. Dada naye. Na tumetoka tumbo moja.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeiona. Okidi ya nyuki. Chama hakijaiona kwa miaka kumi na tisa.
Nikielekea kazini nilichepuka njiani, nyuma ya vichaka, kwa sababu zangu binafsi, nashukuru sikuwa nimeanza. Sentimita ishirini na saba, nimeipima. Maua matano. Kila ua lina mabawa matatu ya waridi na mdomo wa kahawia wenye manyoya, kama nyuki aliyetua akasinzia. Nikampuliza aondoke. Hakuondoka. Ni ua.
Nimeweka vigae miaka thelathini na miwili, nikianzia kubeba saruji, bila mwalimu, na sina sakafu yenye mpangilio ule. Kila ua limegeuka kidogo kutoka lile la chini yake, nafasi zilezile, na hakuna aliyeshika pimamaji. Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Dakika arobaini zikapita, na bafu la mteja linanisubiri.
Tatizo: Mwenyekiti kasafiri hadi Jumamosi. Shemeji hupita njia ile kila asubuhi, na macho yake yamezoea kusoma mwandiko wa madaktari.

Jumanne, 10 Juni
Suluhisho. Vigingi vinne, utepe wa kazini, mwekundu na mweupe, mita tatu kwa tatu, pembe mraba kabisa. Kibao: UJENZI. USIINGIE. Mtu akiona ujenzi hupita mbali asije akaombwa kubeba kitu. Mke wangu kasema utepe mwekundu katikati ya majani unaonekana hadi mwezini. Nimemwambia mambo ya ujenzi aniachie mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Watu tisa wamesimama kwenye utepe. Mmoja kasema ni kituo cha mafuta, mwingine mnara wa simu. Shemeji kaandika barua ya kupinga na anakusanya saini. Kanipa kalamu, kanikazia macho. Ningefanyaje? Nimesaini. Wa arobaini na tatu.

Jumamosi, 14 Juni
Shemeji kampokea Mwenyekiti stendi na kumleta moja kwa moja hadi kwenye utepe, watu sitini nyuma yao. Mimi mbio, nikafika wa mwisho. Shemeji akakata utepe kwa mkasi wa duka lake la dawa. Akainama. Akamwita Mwenyekiti, kidole kikielekea chini.
Mwenyekiti akapiga magoti. Mama wa miaka sabini na minne, na magoti yake tunayajua. Kisha mmoja mmoja, wote sitini. Ua la sita lilikuwa limefunguka. Nami nikapiga magoti, machozi yakanitoka, na si yote ya hasira.
Kitabuni imeandikwa: okidi ya nyuki, imeonyeshwa na mfamasia, aliyeiokoa mikononi mwa mhuni asiyejulikana. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga. Hivyo baada ya miaka kumi na moja nimeingia Kitabuni, na siwezi kusema ni wapi.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda peke yangu ng'ambo ya kijito, kwenye miti minene. Okidi nyingine. Shina jeupe kama mshumaa, halina jani hata moja. Ua moja, limening'inia kana kwamba hewa ndiyo imelishika. Sentimita kumi na nne. Nilibana pumzi hadi masikio yakavuma. Hii Chama hakina hata picha yake. Mwenyekiti yuko kwa binti yake hadi Jumatano.
Somo nimelipata. Utepe ndio ulioharibu, utepe huvuta watu. Safari hii ni kibao tu, kidogo, cha heshima: HATARI. NYOKA MWENYE VICHWA VIWILI. Nani mwenye akili zake ataacha shughuli aje kutazama kitu kama hicho?