Redio ya Juu ya Duka la Magodoro

Usiombe kuzaliwa na sauti nzuri! Bwana Besi, mtangazaji wa redio ya mji, alikuwa nayo, na ilimharibu kabisa. Hata chumvi mezani aliomba kama anayesoma taarifa ya habari.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Mwenye duka ndiye mwenye redio, na kuta za studio alizifunika kwa magodoro ya dukani ili kelele za saluni ya jirani zisiingie. Siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa redio, tajiri akamwambia Bwana Besi, "Leo simulia historia yetu. Ukiwashika wasikilizaji, ukuu wa vipindi ni wako."

Ukuu wa vipindi! Bwana Besi alikuwa ameutamani mpaka akachapisha kadi zenye cheo hicho.

Akasogeza maikrofoni. "Wapenzi wasikilizaji, siku ya kwanza wenzangu walitetemeka. Mimi je? Nilinguruma tangu asubuhi mpaka jua likazama."

Mlango ukafunguka taratibu. Muuzaji wa dukani akanyata, akabandua godoro ukutani, akatoka nalo. Mteja kule chini alilitaka hilohilo lenye maua. Bwana Besi alimkodolea macho, lakini mdomo haukusimama.

Biashara ilichangamka kweli siku hiyo. Kila hadithi ilipofika patamu, godoro jingine likashuka ngazi, hadi ukuta wa upande wa saluni ukabaki mtupu.

"Nikasoma habari ya kwanza," Bwana Besi akaendelea, "na mji mzima ukasimama."

"Muongo mkubwa wee," ukuta ukajibu.

Ilikuwa sauti ya mkewe, aliyekuwa saluni na rola kichwani, anasikiliza redio na wenzake. "Nyie mnamsikia? Baba watoto alizimia hata hajasema hamjambo. Mimi niliyemletea chakula ndiye niliyesoma hizo habari, yeye kalala chini ya meza."

Saluni ikaangua kicheko, na kicheko kikaenda hewani chote. Bwana Besi akakohoa, masikio yanamwaka moto. Simu ikaanza kuita. Wasikilizaji hao! Akaipokea kwa matumaini.

"Haloo, mpenzi msikilizaji?"

"Hebu sogea kidogo, kaka," msikilizaji akasema. "Unamziba huyo mama."

Na aliyefuata akasema vivyo hivyo.

Tajiri akapanda ngazi anahema. Akampita Bwana Besi kama kiti, akagonga ukuta. "Mama, ukuu wa vipindi utauweza?"

Bwana Besi aliomba moyoni mkewe akatae, maana alimjua: yule mama akishika jambo haliachii.

"Nitauweza," ukuta ukasema. "Na naanza sasa hivi. Baba watoto, weka wimbo, watu wapumzike."

Bwana Besi akaweka wimbo.