Flashi Nyekundu na Majibu ya Maabara

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimetenda makubwa. Nashukuru.

Tarishi anatembea! Tarishi ni jina nililoipa ile programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, inayochukua majibu ya vipimo maabara na kuyapeleka kwenye kompyuta za wodini. Tangu asubuhi ilikuwa inagoma. Kosa lenyewe: maktaba haionekani. Maktaba ni kifaili kidogo tu, lakini bila hicho Java haiwezi kuzungumza na mashine. Kilichokuwepo ni cha biti 32, seva, yaani kompyuta kuu, ni ya biti 64, havipatani. Nani aligundua? Mimi!

Nikapata kifaili sahihi. Kukiweka kwenye folda ya seva kunahitaji namba ya siri, na namba anayo Miwani. Miwani ni mwenzangu wa chumba kimoja, ana miaka kumi na moja kazini na hajawahi kuharibu kitu. Nimwombe Miwani? Bora nife njaa. Nikakiacha kwenye flashi yangu nyekundu, nikaielekeza Java ikisome humo humo. Dakika mbili, kazi kwisha.

Daktari Mkuu amenipa mkono. Amesema muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Tarishi akitulia mpaka siku hiyo, nitapata barua ya kuthibitishwa kazini. Asipotulia, mfumo wote anapewa Miwani, nami narudi kuzibua karatasi kwenye printa.

Saa kumi na nusu nimechukua mkoba, nimechukua funguo na flashi yangu inayoning'inia humo, nimekwenda nyumbani kifua mbele.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Tarishi alikufa jana! Saa kumi na moja jioni, anapojizima na kujiwasha mwenyewe kama kawaida yake, hakuamka. Wauguzi wamebeba majibu ya dharura tu kwa miguu, ngazi tatu.

Na aliyeumia ni mama mkwe wangu. Amelazwa tangu Jumapili, wodi ya pili, kwa sababu ya sukari. Kila alasiri wanamtoboa kidole na kumtoa damu. Majibu yanatoka saa kumi na moja na nusu, daktari wake anapita saa kumi na mbili. Majibu yakiwa mazuri, anaruhusiwa. Jana daktari amekuta kompyuta tupu. Ameagiza atolewe damu nyingine ya kupima.

Nimefika asubuhi, nimechomeka flashi yangu kwa sababu ndimo kilimo kila kitu changu, nimemwasha Tarishi upya. Kaamka papo hapo! Majibu arobaini yamemiminika. Sista wa wodi amesema nina mkono wa baraka. Nimemshukuru. Nadhani ni kweli.

Lakini najiuliza. Kwa nini anakufa nikishaondoka tu? Na nani hubaki ofisini mpaka saa kumi na mbili? Miwani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kafa tena jana. Saa ile ile. Leo asubuhi nimefika, nimechomeka, nimewasha, kaamka. Mkono wa baraka!

Hata hivyo sikukaa bure. Nimebadilisha waya wa mtandao. Halafu nikabadilisha namba ya mlango ambao Tarishi anapokelea ujumbe, ili anayemhujumu asijue pa kugonga. Bahati mbaya hata mashine ya maabara haikujua pa kugonga. Saa nzima: imekataa kuunganishwa, imekataa kuunganishwa. Miwani ameinua macho, amesema kwa upole huenda mlango umebadilika. Nimerudisha namba ya zamani na kumwambia lilikuwa jaribio. Amesema sawa. Ule upole wake unanitia shaka sana.

Nimepanga mtego. Kabla ya kuondoka nimebandika utepe mwembamba chini ya mlango wa chumba cha seva. Ukikatika, kikulacho ki nguoni mwako.

Mama mkwe ametobolewa mara ya tatu. Mke wangu amenitumia ujumbe kuuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nashukuru amenijali.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Utepe ni mzima! Tarishi kafa, lakini hakuna aliyeingia. Nimemsamehe Miwani moyoni, bila kumwambia kosa lake. Sasa namshuku panya.

Saa kumi na nusu nikapita wodini kumwamkia mama mkwe kabla ya kwenda nyumbani. Nimempa shikamoo, nimekaa kwenye ukingo wa kiti kama inavyompasa mkwe. Vidole vyake vimejaa plasta. Ametaka kujua kwa nini majibu yanakuja asubuhi tu. Nikamweleza yote kwa adabu: Java, foleni ya ujumbe, maktaba, panya. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, mwanangu, mimi sijui mitambo, lakini kitu kinachokufa kila ukiondoka, basi unaondoka nacho.

Nimecheka. Nimemtakia afya njema. Wazee wetu bwana!

Nimefika nyumbani, nimetoa funguo, nimeuingiza mmoja kwenye kitasa. Flashi nyekundu ikanigonga kwenye kifundo cha mkono.

Nikasimama pale mlangoni. Nikaitazama. Nikakaa kwenye ngazi.

Siku nne nimemtobolesha mama wa watu vidole kwa sababu ya funguo za nyumba! Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nimekimbia njia yote ya kurudi, na funguo mkononi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini nimeingia chumba cha seva, nimechomeka, nimewasha. Tarishi kaamka. Nageuka, Miwani yuko nyuma yangu, anaitazama flashi. Nikaungama kila kitu, hata utepe. Aliketi, akaandika namba ya siri, akakinakili kifaili kwenye seva mahali pake, akaielekeza Java huko, akachomoa flashi na kunirudishia. Nusu dakika. Kisha akauliza kwa nini sikumwomba namba. Imeandikwa ndani ya mlango wa kabati letu la ofisini, amesema, tangu mwaka wa kwanza.

Saa kumi na mbili daktari amekuta majibu ya mama mkwe. Sukari imeshuka. Karuhusiwa! Nilikuwepo mlangoni. Nilitokwa na machozi, nikasingizia dawa ya kusafishia sakafu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jana jioni wodi zote zimepata majibu. Leo vilevile. Barua ninayo! Imesainiwa, ina mhuri, ina jina langu bila kosa.

Daktari Mkuu alimuuliza Miwani mbele yangu tatizo lilikuwa nini. Miwani akafuta miwani yake, akasema lilikuwa tatizo la maktaba na mwenzake amelimaliza. Mwenzake ni mimi! Nilitaka kumkumbatia. Nimemnunulia chai, na sikumcheka hata kidogo alipoinywa bila sukari. Namshukuru kutoka moyoni. Sikustahili.

Mama mkwe yuko kwangu tangu jana, kesho anasafiri kwao. Nimemwomba radhi. Amesema yamepita, ila nijifunze. Nimemwahidi nimejifunza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimejifunza kweli.

Asubuhi nimepita kazini kwa hiari yangu, mtu aliyethibitishwa hasubiri kutumwa. Nimeona kuna toleo jipya la ile maktaba, bora zaidi. Nikalishusha. Folda ya seva ikadai namba ya siri. Kabati limefungwa, ufunguo anao Miwani, na Miwani leo yuko kwenye harusi ya mdogo wake. Kumsumbua mtu mwema kiasi kile siku ya harusi? Hapana. Huo ungekuwa utovu wa shukrani.

Nikaliweka kwenye flashi na kuielekeza Java humo, kwa muda tu, mpaka Jumatatu. Nimemwasha Tarishi upya, kaamka mara moja. Kile kifaili cha zamani nilikitoa ili kisilete mgongano. Kufuta, folda ilikubali bila kuuliza chochote.

Lakini flashi safari hii siyo ile nyekundu! Nimenunua mpya, ya buluu. Na kosa la zamani sirudii: haitaning'inia tena kwenye funguo zangu. Kuiacha peke yake kwenye seva, mwishoni mwa wiki, mtu aikwapue? Sikubali. Nikafikiri ni nani katika ukoo huu hajawahi kupoteza hata sindano. Jibu moja tu.

Nimeifunga mwenyewe kwenye funguo za mama mkwe. Ameuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mama, maneno yako nimeyashika: mimi siondoki nayo tena.

Basi lake limetoka saa kumi kamili. Atafika kwao kesho mchana, Mungu akipenda.

Sasa ni saa kumi na nusu jioni. Nyumba imetulia, barua nimeitundika ukutani. Nimezima simu nipumzike. Nashukuru kwa yote.