Wimbo Usiomsifu Mtu

Jaji alikuja na gazeti la juzi, na gazeti likimfikia Jaji lazima mtu ahukumiwe. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Wajerumani. Jina halisi la Jaji ni Oketch, anatoka Otonglo, na kazi yake ni kubisha. Anabishia kwenye benchi la Waya, yaani Irungu, fundi wa redio hapa mjini Kisumu. Waya hutuvumilia kwa sababu eti tunamletea wateja, ingawa mimi simkumbuki hata mmoja.

Gazeti lilisema vijana wa Berlin wameingia katika kiwanda kilichofungwa, wakapanga spika, wakacheza muziki wa mashine siku mbili mfululizo.

"Kiwanda imefungwa, halafu wanacheza," Jaji akasema. "Sisi hapa tumefungiwa ngapi? Nani alicheza?"

"Siku kiwanda cha nguo kilipofungwa nilikuwa pale geti," nikasema. "Watu walilia."

"Unaona? Wazungu wakikosa shida wanaenda kutafuta ya kukodi."

Tukamgeukia Zadock. Yeye tunamwita Jerumani, kwa kuwa kaka yake mdogo anaishi Frankfurt, na maneno yote yanayoihusu Ulaya tunamdai yeye. Alikuwa amekumbatia kasha la rekodi alilotumiwa na huyo kaka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alikuwa na sababu. Mama Perez, mwenye baa kule Migosi, bendi yake ilikuwa imevunjika, akawa anatafuta mtu wa kupiga muziki Jumapili mchana. Alikubali kupita hapa asikilize. Akikataa, Jumatatu Zadock angerudi Awasi kukata miwa katika shamba la kaka yake mkubwa, mtu ambaye hukupa sahani ya ugali na mahubiri juu yake. Zadock alifanya kazi katika kiwanda hichohicho cha nguo miaka tisa, na tangu kifungwe hajapata hata kibarua. Sote tulilijua hilo, na bado tulimcheka. Benchi letu ndivyo lilivyo.

Akatoa rekodi moja, kubwa, lebo yake nyeupe tupu.

"Jina la mwimbaji iko wapi?" Jaji akauliza.

"Haina. Hii ni ya chini kwa chini, omera. Haipigwi kwa redio. Zilitengenezwa mia tatu peke yake."

"Na zote zikaletwa kwako, ndiyo wenyewe wapumzike."

Waya akaiweka kwenye mashine. Du, du, du, du. Tukasubiri mwimbaji. Tukasubiri hata gita. Sasa, sisi tumelelewa na benga, na santuri ya benga wimbo huanza upande mmoja ukamalizikia upande wa pili, ambako gita ndipo linapowaka moto. Jaji akaamuru igeuzwe, maana mwimbaji lazima yuko kule. Waya akageuza. Du, du, du, du.

"Ni ileile," nikasema.

"Si ileile." Zadock alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye spika. "Sikiza huku chini. Kuna kitu kidogo imeongezwa. Sasa hivi. Umesikia?"

"Nimesikia posho mill," Jaji akasema. "Nimekumbuka sijasaga."

"Nyinyi hamjui. Mimi nilisimama kwa chumba moja na mashine mia moja za kufuma. Ukizoea, unasikia kila moja peke yake, na moja ikiugua unajua. Huyu mtu ametengeneza hii, alisimama mahali kama hapo."

Nilitaka kunyamaza, kwa kweli. Maneno yale yalinigusa. Lakini kudharau ni rahisi kuliko kunyamaza, nikamuuliza kama huyo mtu naye alifutwa kazi.

Mama Perez akafika, akaweka kikapu chini, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakucheka. Hilo lilimpa Zadock moyo, masikini.

"Nani anasifiwa humu ndani?" Mama Perez akauliza.

"Hakuna mtu, Mama. Ni muziki tu."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatikisa kichwa. "Baba, watu wangu hawatoki kwa nyumba kusikia muziki tu. Wanakuja kusikia majina yao."

Alisema kweli tupu. Kwetu kuna pakruok. Mtu anainua mkono katikati ya dansi, bendi inakatiza, naye anajisifu mwenyewe, ukoo wake na kwao alikozaliwa, kisha bendi inaendelea. Bendi ya Mama Perez ilivunjikia hapohapo, mpiga gita alipochoka kukatizwa kila dakika.

Akainama kuchukua kikapu. Zadock alibaki amepiga magoti, na nikaona ameanza kurudisha rekodi nyingine kwenye kasha, moja moja.

Hapo Jaji akasimama. Nia yake ilikuwa kumsuta Zadock tu, amwonyeshe kilichokosekana. Akainua mkono.

"Mimi Oketch, wuod Otonglo, mtu ambaye mbuta ya ziwa ikimuona inajipaka chumvi yenyewe."

Tukacheka. Akasubiri muziki ukatizwe, kama ilivyo desturi. Haukukatizwa. Du, du, du, du. Jaji akashangaa kidogo, akaendelea. Akamtaja babu yake. Akataja baiskeli aliyowahi kuwa nayo. Kila alipopumua, muziki ulimsubiri pale alipouacha, haukununa wala haukumharakisha. Wapita njia wakaanza kusimama. Sauti ya Jaji ikabadilika, dhihaka ikamtoka, akawa anajisifu kwa dhati huku amefumba macho.

Zadock akanyanyua sindano.

"Hii si ya kupigiwa kelele," akasema. "Wenyewe kule Ujerumani wanaisikiza tu."

Mama Perez alikuwa ameshaweka kikapu chini tena.

"Jumapili saa nane," akasema. "Lakini watu watajisifu muziki ukiendelea. Kama hutaki, sema sasa."

Zadock akaitazama ile lebo nyeupe. Hakuna aliyemtania. Hata Jaji alikuwa bado amesimama, mkono juu.

"Zadock," Jaji akasema, taratibu kabisa. "Rudisha kidogo. Sijafika kwa mama yangu."

Zadock akarudisha sindano. Jaji akafika kwa mama yake, akamsifu mpaka akafuta machozi, akaketi. Muziki ukaendelea bila mtu, na Mama Perez akatutazama mmoja mmoja. Ndipo mkono mwingine ukainuka, nyuma ya spika.

"Na mimi Zadock," tukamsikia akikohoa, "mtu ambaye miwa ya Awasi itamngoja mpaka iote ndevu."